Shairi langu limeitwa guni: mizani zinahesabiwaje hasa?

"Mwalimu, nimetunga shairi la beti 6 kuhusu mbuyu wa kijijini kwetu uliokatwa ili barabara ipanuliwe. Nililipeleka kwa mhariri wa ukurasa wa mashairi, likarudi na maneno haya tu: 'Guni. Mizani zinapwaya, vina vya mwisho havipo.' Mshororo wa kwanza nimeuhesabu kwa vidole mara tatu na kila mara napata 8 kwa 8. Mingine ni mirefu kidogo, lakini nikisoma haraka inalingana. Vina navyo naviona, maana mishororo mitatu ya juu yote inaishia na 'a'. Je, nilirekebishe, au niliite shairi huru nilipeleke kwingine, kwa kuwa washairi wengi wa leo hawajali mambo haya? Na ni lazima mshororo wa mwisho urudiwe kila ubeti? Ubeti wa kwanza ni huu:

Mbuyu wetu wa njiani, leo umeshakatwa,
Tulikaa chini yake jamani, wakati wa jua kali sana,
Mabuyu tulikula kinywani, tukapata nguvu ya kusoma,
Kwa nini mmeukata, enyi watu wa mjini?"

Pole kwa jibu kavu ulilopewa. Neno "guni" humuumiza mtunzi kuliko linavyostahili. Maana yake ni kwamba shairi limekiuka arudhi, yaani kanuni za mizani na vina, basi. Halisemi kwamba huna la kusema, na wewe la kusema unalo. Mhariri lakini hakukosea, na ubeti wako unafaa sana kufundishia, kwa sababu mshororo wa kwanza una makosa mawili yanayofichana.

Tuuhesabu pamoja, silabi moja moja: m-bu-yu-we-tu-wa-nji-a-ni. Hizo ni 9. Kipande cha pili: le-o-u-me-sha-ka-twa. Hizo ni 7. Jumla 16, sawasawa na mshororo kamili wa tarbia ya kawaida, yaani shairi la mishororo minne kila ubeti, ila mgawanyo umeharibika. Nadhani "mbuyu" uliuhesabu mbu-yu, ukapoteza mizani moja, kisha "katwa" ukaikata ka-t-wa, ukaiokota ile iliyopotea. Vidole vyako vilihesabu sawa. Shida ni kile ulichokuwa ukikiita silabi.

Mizani ni silabi inavyotamkwa, na silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwenye irabu. Konsonanti zikibanana kabla ya irabu huingia zote katika silabi moja: twa, nywa, ngwa, shwa, kila moja ni mizani 1. "Kinywani" ni ki-nywa-ni, mizani 3, japo macho yanaona herufi nyingi. Irabu mbili zikifuatana kila moja inasimama peke yake, hata zikifanana: "kaa" ni ka-a, "njaa" ni nja-a, "likaisha" ni li-ka-i-sha. Hapo hakuna ugomvi.

Ugomvi uko kwenye M na N. Wengi hufundishwa kwamba "m ikiwa mbele ya konsonanti ni silabi", wanaondoka nayo hivyo hivyo, kisha wanakwama kwenye "mbuzi". Sababu ni hii: ile m ya mtu, mti, mbuyu, mkulima ni mabaki ya kiambishi mu-. Irabu imedondoka lakini pigo lake limebaki, ndiyo maana ukitamka "mtu" mkazo unaangukia m yenyewe. Ile ya mbuzi, mbegu, mbele, kumbe haikuwahi kuwa mu-. Ni king'ong'o, yaani sauti ya puani, kilichogandana na b, na hakina pigo lake.

Kipimo rahisi ni wingi. Weka neno katika wingi uone kama m inabadilika. Mbuyu, mibuyu: m imegeuka mi, kwa hiyo ni silabi, m-bu-yu, 3. Mbuzi mmoja, mbuzi wawili: m haikutikisika, kwa hiyo si silabi, mbu-zi, 2. Kipimo hiki kinatenganisha hata maneno yanayoandikwa sawa. Mbuni yule ndege, wingi wake mbuni, ana mizani 2. Mbuni ule mmea wa kahawa, wingi wake mibuni, una mizani 3. Naye mbuni wa mitindo, wingi wabuni, ana 3. "Mtu mbaya" ana m-ba-ya kwa kuwa wingi ni watu wabaya, lakini "habari mbaya" ni mba-ya tu, maana wingi haubadilishi kitu. Mtunzi asiyejua hili anaweza kupoteza mizani kwenye neno moja katika ubeti mmoja na kuipata katika ubeti unaofuata, asijue kwa nini shairi lake linachechemea.

Kipimo cha wingi kina mwanya mmoja. Maneno mafupi kama nchi, nne, nje, nta, nzi, nge, mbwa hayabadiliki katika wingi, lakini yana mizani 2: n-chi, n-ne, m-bwa. Neno la Kiswahili linalosimama peke yake hutaka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kwa kuwa hapa irabu ni moja tu, king'ong'o hulazimika kuubeba. Kiambishi cha mtendwa na cha nafsi ndani ya kitenzi navyo ni mizani kamili: a-na-m-pe-nda ni 5, m-me-ku-ja ni 4. M ikikutana na w humezwa: mwa-na ni 2, mwa-li-mu ni 3.

Kuna kundi la mwisho ambalo hata watunzi wazoefu hawakubaliani: maneno ya mkopo yenye konsonanti inayofunga silabi, kama labda, maktaba, daftari. Wako wanaohesabu lab-da, 2, na wako wanaoipa ile b pigo lake kwa kuwa mwimbaji akifika hapo hulivuta. Ndiyo maana katika mashairi unaliona neno "labuda": mtunzi amemaliza ubishi kwa kutia irabu. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kuyakwepa. Kiswahili kina maneno ya kutosha, hakuna haja ya kuegemeza mshororo mzima juu ya neno linalobishaniwa.

Sasa hilo la "nikisoma haraka inalingana". Hili ndilo ningependa uliache kabisa, na sababu iko nje ya karatasi. Mashairi haya yalikua yakiimbwa na kughaniwa. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kati ya 1776 na 1840 na ambaye jina lake limefungamana na shairi la mishororo minne, alikuwa akitungia masikio ya watu, wakiwemo mahasimu waliomjibu kwa mashairi. Mahadhi yana mapigo yaliyohesabiwa: 8, pumzi, 8, pumzi. Kila silabi inakaa kwenye pigo lake. Ukileta silabi 11 mahali pa 8, mwimbaji ana njia mbili tu, azimeze tatu au aikimbie sauti, na vyote viwili vinasikika hata kwa asiyejua arudhi. Kusoma haraka ni kuzimeza hizo tatu kabla mwenzako hajakukamata.

Hesabu ya mishororo yako ya kati ni hii. "Tulikaa chini yake jamani" ni 11, "wakati wa jua kali sana" ni 10. "Mabuyu tulikula kinywani" ni 10, "tukapata nguvu ya kusoma" ni 10. Wa nne sasa: kwa-ni-ni-m-me-u-ka-ta, 8. E-nyi-wa-tu-wa-m-ji-ni, 8. Huo umetimia bila doa, na naamini hukuuhesabu. Ulikuwa umekasirika, sikio likafanya kazi lenyewe. Sikio unalo.

Kuhusu vina, kosa ni moja na linarekebishika. Kina ni silabi nzima ya mwisho, konsonanti pamoja na irabu yake. Irabu peke yake haitoshi. Katwa, sana, kusoma zinaishia -twa, -na, -ma, kwa hiyo ni silabi tatu zisizo na undugu. Ingekuwa irabu inatosha, basi Kiswahili kizima kingekuwa na vina vitano tu na kutunga kusingekuwa kazi. Watunzi wakali huenda mbali zaidi, hawakubali hata -da na -nda zikae pamoja. Vina vyako vya kati, kwa upande mwingine, viko hai: njiani, jamani, kinywani. Mhariri hakuvilalamikia, umeona.

Ningekushauri kutunga kuanzia kwenye kina kuliko kuanzia kwenye sentensi. Chagua silabi ya mwisho, kisha andika pembeni maneno kumi au kumi na tano yanayoishia nayo na yanayohusu mada yako, kabla hujaandika mshororo hata mmoja. Ukikosa hata manane, badilisha kina mapema, maana ubeti wa tatu utakukwamisha. Kina cha -ni ni rahisi mno kwa sababu kila mahali panakubali -ni: njiani, shambani, mjini. Kitumie cha kati, lakini kikiwa cha kati na cha mwisho pia, shairi linanuka uvivu. Kwa mbuyu wako ningechukua -sha: maisha, angusha, ondosha, kwisha, burudisha, sikitisha, zungusha. Ni silabi inayobeba vitendo, na malalamiko yako ni ya kitendo.

Mshororo wa kwanza una mizani moja ya ziada upande wa kushoto. Unaweza kuiondoa "wa" ukabaki na "Mbuyu wetu njiani", 8 kamili lakini sentensi imevunjika mguu. Afadhali ubadilishe mbuyu kuwa mti: m-ti-we-tu-wa-nji-a-ni, 8, na lugha imebaki laini. Jina la mbuyu liko kwenye kichwa cha shairi, tena mabuyu yatalitaja mshororo wa tatu. Upande wa kulia: "leo hauna maisha", le-o-ha-u-na-ma-i-sha, 8.

Wa pili, toa "jamani" na "sana". Ni vijazio, havina kazi ila kupunga mkono. Mtunzi anayehesabu vibaya huvitia kujaza pengo, na wewe umevitia mahali ambapo hakukuwa na pengo. Kinachobaki ni picha yenyewe: watu wamekaa chini ya mti wakisubiri jua lipungue. Wa tatu, "mabuyu tulikula kinywani" unarudia jambo, kwani mtu hali kwa pua. Ukiondoa kitenzi, kinywa kinafanya kazi yake. Utakipoteza kile kipande cha nguvu ya kusoma, na sitakuficha kwamba hiyo ni hasara, kwa sababu kilikuwa na watoto wa shule ndani yake. Kihamishie ubeti wa pili, kipate mishororo mitatu yake. Kulazimisha mambo mawili kwenye mizani 8 ndiko kulikokufikisha kwenye 10.

Mti wetu wa njiani, leo hauna maisha,
Hapo tulikaa chini, hadi jua likaisha,
Mabuyu yake kinywani, njaa yakaiondosha,
Mbona mmeuangusha, enyi watu wa mjini?

Wa nne nimeugusa kidogo ingawa ulikuwa mzima. Watunzi wengi wa mwambao hupenda ukwapi wa mshororo wa mwisho, yaani kipande chake cha kushoto, udake kina kilichokuwa kulia katika mishororo ya juu, ili ubeti ujifunge kama kamba inayorudi mwanzo. Mbo-na-m-me-u-a-ngu-sha ni 8, na humo una darasa zima la king'ong'o: m ya "mbona" haihesabiwi, ya "mmeuangusha" inahesabiwa. Si lazima ufanye hivyo. "Kwa nini mmeukata" ungebaki, hakuna mhariri angeurudisha kwa hilo.

Hapo ndipo linapoingia swali lako la kurudia. Mshororo wa mwisho unaorudiwa kila ubeti huitwa kibwagizo, nao si sharti. Shairi ambalo mshororo wake wa nne hubadilika kila ubeti lina jina lake kabisa, sabilia, na ni halali kama lenye kibwagizo. Pima kwa maana. Kibwagizo kizuri ni kile ambacho kila kikirudi kinazidi uzito kwa sababu ya mishororo mitatu iliyokitangulia. Kama katika ubeti wa nne unazungumzia ndege waliopoteza viota, "enyi watu wa mjini" bado inachoma. Kama ubeti wa tano unamgeukia mwenyekiti wa kijiji aliyetia saini, kibwagizo kitamkosa mlengwa. Ukiamua kurudia huku ukitaka ule mdako wa kina, kumbuka kwamba umejifunga kutumia -sha kulia katika beti zote 6. Njia ya katikati ni kurudia "enyi watu wa mjini" tu, huku ukwapi ukibadilika kila ubeti.

Utakutana na watu watakaokuambia kuna uhuru wa mshairi, nao upo. Inkisari inakuruhusu kufupisha neno: "uliokatwa", mizani 5, likawa "ulokatwa", 4. Mazida inakuruhusu kulirefusha: "enda" ikawa "enenda". Unaweza kupindua mpangilio wa maneno ili kina kikae mwisho. Lakini huo ni mlango wa dharura. Ukikuta ubeti mmoja una inkisari tatu, anza upya, maana msomaji ataona unavyojibana. Usiazime lahaja nayo ili kupata sura ya ukale. Mtu wa Lamu akiandika "ndia" badala ya "njia" anaandika lugha ya kwao. Wewe ukiichomeka katikati ya Kiswahili sanifu itajitokeza kama kiraka.

Tumalizie na shairi huru. Si kweli kwamba wasiotumia vina hawajali kitu. Miaka ya 1970 mabishano kuhusu mizani na vina yalikuwa makali, na mshairi wa Tanzania, Euphrase Kezilahabi, alipotoa diwani yake, yaani kitabu cha mashairi, mwaka 1974 hakuacha arudhi kwa kuwa ilimshinda, aliiacha kwa hoja, akitaka mshororo uende na mwendo wa usemi wa kawaida. Wakati huo huo mshairi Abdilatif Abdalla, aliyefungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu za kisiasa, alitunga gerezani humo mashairi ya hasira na uchungu ndani ya mizani na vina kamili. Kwa hiyo si kweli kwamba arudhi huzima moto, wala si kweli kwamba kuiacha ni uzembe.

Kisicho sahihi ni kulibandika shairi lililoshindwa kutimiza arudhi jina la huru. Ubeti wako, kama ulivyouleta, bado unatafuta 8 kwa 8, na msomaji anausikia ukitafuta. Shairi huru lingeacha utafutaji huo na kubeba mzigo mwingine: mahali pa kukata mshororo, picha moja iliyo wazi, ukimya. Lingeweza kuwa hivi:

Mbuyu wetu umelala kifudifudi.
Lami imepita
juu ya kivuli chake.

Hapa hakuna "jamani" na hakuna swali kwa watu wa mjini. Ni shairi jingine. Ukiniuliza mimi, malalamiko yako yana sauti ya kuita watu hadharani, na sauti hiyo inakaa vizuri zaidi kwenye tarbia. Ila kama picha ya kivuli na lami ndiyo inayokusumbua usiku, nenda huko bila kuomba radhi kwa yeyote.

Ukiamua kurekebisha, andika beti zote 6 upya kwa vistari kati ya silabi, kipande kimoja mstari mmoja, na namba pembeni. Usihesabu ukiwa unasoma kwa hisia, hisia hula silabi. Ukiona 7 au 9, angalia kwanza M na N, halafu irabu pacha, halafu w na y. Mara nyingi kosa litakuwa humo. Hakikisha pia kwamba kila kipande kinaishia na neno zima, maana neno lililokatwa na mkato katikati linamkosesha mwimbaji pumzi.

Baada ya hapo karatasi haitakusaidia tena. Mtafute mtu anayejua kughani, mwalimu wa Kiswahili au malenga wa karibu, umpe shairi bila kumweleza lolote, na umsikilize akiliimba mara ya kwanza. Usimsahihishe. Mahali atakapovuta silabi au kuimeza, tia alama. Sehemu tatu au nne zitajitokeza ambazo vidole vyako vilizipitisha. Na kabla ya kulirudisha kwa mhariri, muulize ukurasa wake unapokea bahari zipi, yaani aina zipi za mashairi. Wapo wanaochapa 8 kwa 8 peke yake, na wapo wanaopokea 6 kwa 6, au msuko, ambamo mshororo wa mwisho ni mfupi kuliko iliyoutangulia. Kwa mbuyu uliokatwa, huo msuko nao si wa kuupuuza.